Mzee wa Galu na Spika za Harusi

Mzee niliyempikia kule Galu hakutaka kusikia kitu. Miguu ya viti aliivisha soksi za sufu. Mlango wa friji niliusindikiza kwa kiganja mpaka ukajifunga. Sufuria zilipangwa na vitambaa katikati, na redio haikuwashwa jikoni hata kwa taarifa ya habari. Siku moja kifuniko kiliniponyoka kikaanguka sakafuni, naye akatoka chumbani ameziba masikio, uso umemkunjamana kama mtu aliyekanyaga mwiba. Hakunigombeza. Alirudi ndani akafunga mlango taratibu. Nilibaki nimeshika kifuniko, nikijiambia kwamba mtu huyu amechoka na kuwepo kwangu.

Alikuwa Mzungu, mjane, aliyekuja kuishi pwani baada ya kustaafu. Kustaafu kazi gani, sikuwahi kuuliza. Majirani walisema alikuwa daktari, wengine rubani. Sebuleni palikuwa na picha ya marehemu mkewe, mwanamke mwembamba wa miwani, penseli imechomekwa nyweleni. Nilikuwa nikiifuta vumbi kila Jumatatu.

Binti yangu alipopata mchumba, nilimwalika mzee kwenye harusi kwa adabu tu. Mtu asiyevumilia kifuniko cha sufuria angevumilia vipi harusi ya kwetu Msambweni?

"Nitakuja, Mama," akasema.

Nikadhani naye anajibu kwa adabu tu.

Nikahi ilifungwa msikitini kabla ya adhuhuri, kisha wanaume wakaja nyumbani kula pilau chini ya turubai. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia. Muziki ulikuwa wa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, anayekodisha vyombo. Alikuwa na spika mbili kubwa, kila moja ikinifika kifuani, zimepakwa rangi nyeusi kwa brashi, na juu yake pembe ya bati iliyopanuka kama mdomo wa tarumbeta. Alizinunua mnadani zamani, hoteli moja ya ufuoni ilipofunga disko lake. Kuanzia Ramisi mpaka Vanga watu walizijua, na walimtania pia: kelele nyingi, kishindo hakuna.

Mzee alikuja kwa teksi, suruali nyeupe imepigwa pasi. Akawasalimia wazee, akapewa kiti, akaletewa sahani. Shemeji akaunganisha simu yake na amplifaya na taarabu ikaanza.

Nilikuwa napitisha mtungi wa maji pembeni mwa pazia nilipomwona mzee anaweka kijiko chini. Akasimama. Yarabi, nikawaza, leo atatuaibisha mbele ya wakwe.

Hakuelekea kwenye lango. Alikwenda moja kwa moja kwenye spika, akaiwekea kiganja ubavuni, halafu akaenda kwenye ya pili akafanya vivyo hivyo. Kisha akapiga magoti mchangani na suruali ile nyeupe, akaanza kukwangua rangi kwa ukucha, kama anayetafuta maandishi chini yake. Niliacha mtungi, nikajifunga leso vizuri kichwani, nikamkimbilia.

"Bwana, niwie radhi. Tutapunguza sauti."

"Usipunguze," akasema bila kunitazama. "Hizi ni zangu."

Shemeji alisikia. Alizima muziki, akaja mbio. "Zako vipi, mzee? Mimi nimezinunua mnadani, kila mtu hapa anajua!"

"Si hivyo. Nilizichora. Nilikuwa mhandisi wa spika, mimi na mke wangu."

Nilimtazama yule mtu ambaye kwa ajili yake nilijifunza kuosha vijiko bila kuvigonganisha, na akili ikakataa kabisa kuyapokea maneno yake. Shemeji naye alinitazama mimi, kana kwamba nimemletea mwendawazimu harusini. Nyuma ya pazia shangazi yake bibi harusi alipaza sauti, "Kwani muziki umekufa?"

"Moja imeunganishwa kinyume," mzee akasema. Akainua viganja vyake viwili vikielekeana, akakisogeza kimoja mbele na kingine nyuma. "Hii ikisukuma, ile inavuta. Besi inaliwa katikati. Nimesikia tangu nilipokaa. Nipe bisibisi."

"Mzee, nimezipiga spika hizi miaka yote."

"Ndiyo. Nipe bisibisi."

Wazee walikuwa wameacha kula. Nikamwambia shemeji, "Mpe tu, tumalize."

Mzee alifungua ubao wa nyuma wa spika moja, akamulika ndani kwa simu. Nilichungulia begani kwake. Ile karatasi nene ya duara inayotoa besi ilikuwa na kiraka kikubwa cha leso, maua mekundu na kipande cha maandishi.

"Nani alifanya hivi?" mzee akauliza.

Shemeji akashusha sauti. "Panya waliila. Nilibandika leso kwa gundi ya viatu. Nyaya nazo walikuwa wamezikata, nikaziunga."

Mzee alipitisha kidole kwenye kile kiraka. Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye vumbi, akamshika shemeji bega. Alibadilisha nyaya mbili, hii hapa, ile pale, akafunga ubao.

"Washa."

Sijui niseme nini juu ya kile kilichotoka. Kilinipiga mbavuni kabla ya masikio. Vikombe vilitembea juu ya meza. Mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake alizinduka akiwa amekodoa macho. Nyuma ya pazia palisikika ukelele wa hofu, kisha vigelegele vya wanawake wote kwa pamoja. Shemeji alijikalisha juu ya kreti ya soda, mdomo wazi.

"Kumbe nimekuwa nikiwapigia watu nusu ya muziki," akasema.

Hapo ndipo nilipouona uso wa mzee. Ulikuwa umekunjamana vilevile kama siku ile ya kifuniko.

"Bwana, masikio yako."

"Yanauma."

"Basi njoo ukae ndani!"

"Bado, Mama."

Wimbo ulipokwisha nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikampeleka chumbani kwangu. Akaniambia kwamba ujanani walikuwa wakizijaribu spika mchana kutwa bila kuziba masikio. Sasa kuna filimbi humo ndani isiyonyamaza, na sauti ndogo humchoma.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii? Nilidhani ni mimi usiyenitaka."

Alishtuka kweli, nikamwona. "Wewe? Hapana. Niliona haya. Ningesema nini? Kwamba nilitengeneza kelele, kisha nikazikimbia?" Akanywa maji. "Sanduku nililichora mimi. Ile pembe hesabu zake alizifanya mke wangu, usiku na mchana. Kiwandani waliandika jina langu peke yake."

Nikamkumbuka yule mwanamke wa penseli nyweleni, nikaketi kitandani. Sauti iliyoimba katika harusi za dada zangu na katika harusi yangu mwenyewe ilikuwa imepita kwenye hesabu zake, nami nilimjua kwa vumbi la kioo tu. Mwili ulinisisimka kuliko nilipokisikia kile kishindo.

Wiki ile mzee hakutoka kitandani. Daktari wa Ukunda alisema sikio la kushoto halitarudi. Nililia jikoni kwa sababu mwaliko ulikuwa wangu, na nilipomwambia hivyo alinikatiza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nilikwenda kwa miguu yangu," akasema.

Alipopona aliendelea kwenda Msambweni, siku ambazo shemeji hana kazi na vyombo vimezimwa. Wanakaa uani na karatasi, mmoja anachora, mwingine anauliza. Nikipita na chai hawanioni.

Mwaka huu walimpa fundi seremala wa Kwale atengeneze masanduku mawili mapya ya spika kwa mbao za mwembe. Moja limetoka vizuri. La pili linatetema kona ya chini, na mpaka leo wanabishana ni kwa nini. Shemeji anasema ni mbao hazikukauka. Mzee anasema ni seremala.