Nguchiro Aliyetoka Kinyumenyume

Mama alikataa kunyolewa. Wanawake wa ukoo walikaa naye uani, maji yakiwa kwenye beseni na wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake, naye akasema hanyolewi kwa ajili ya mtu ambaye hajatoka. Hakusema hajafa. Alisema hajatoka.

Mtu huyo alikuwa mdogo wangu wa kiume. Tulizaliwa wawili tu. Alifukiwa ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wa upande wa Geita wanavyoliita shimo la dhahabu. Walikuwa watatu chini. Mmoja alitolewa siku ile ile akiwa hai, mwingine siku ya nne akiwa maiti. Yeye hakuonekana. Siku ya tisa ukuta mwingine ukabomoka na kumvunja mguu mmoja wa waliokuwa wanafukua, na wenye duara wakasema hawawezi kuongeza watu juu ya watu. Wakalijaza udongo, wakasimamisha gogo juu yake.

Mimi na mama tulifika siku ya pili na tulikuwepo mpaka gogo liliposimamishwa. Mama alikuwa anainama ukingoni na kumwita. Hakumwita kwa kilio. Alimwita kama unavyomwita mtoto aje kula.

Tuliporudi nyumbani Ibadakuli aliendelea hivyo hivyo. Kila mchana alimpakulia mwanawe ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akafunika sahani kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kinu. Jioni alimwaga. Yeye mwenyewe hakula zaidi ya matonge mawili, kwa kuwa alisema si vizuri kumtangulia mtu. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana kwenye kanga. Wifi yangu, mke wa marehemu, alikuwa bado analala chini kwenye mkeka na watoto wake wawili, hawezi kwenda kwao wala kushika jembe, maana msiba ulikuwa haujaondolewa. Ukafika mwezi wa tatu tangu afukiwe. Baba zetu wadogo wakaja wakasema Jumapili matanga yataondolewa, mama akitaka asitake, na asiyetaka akae ndani.

Niliogopa. Nilijua kwamba wakifanya bila yeye, ataendelea kupakua ile sahani mpaka afe. Na nilijua imani ile ameitoa wapi. Aliitoa kwangu.

Tulipokuwa wadogo baba alikuwa mpishi kwenye mgodi wa almasi, si mbali na Shinyanga mjini. Mgodi ulikuwa na ukumbi wa klabu, na Jumamosi mchana watoto wa wafanyakazi tuliruhusiwa kuingia kutazama katuni. Mapazia meusi yalishushwa, tukakaa sakafuni. Mama hakuwahi kuingia. Ilikuja katuni moja iliyoendelea wiki hadi wiki, ya mnyama mdogo aliyezunguka dunia amebeba birika mgongoni, na ndege akimfuata. Lugha ilikuwa Kiingereza, hatukuelewa neno. Tuligombana kama mnyama yule ni nguchiro au mbweha, mwisho tukakubaliana ni nguchiro.

Jumamosi moja nguchiro aliingia pangoni kutafuta maji. Ndege akabaki mlangoni ameshika kifuniko cha birika. Mawe yakaanguka, mlango ukazibika, na picha ikaishia hapo.

Mtu wa mashine ya kuonyeshea picha alikuwa na desturi ya kutuchekesha. Badala ya kurudisha mkanda gizani, aliiacha taa ya mashine ikiwaka, nasi tukaona kila kitu kikirudi nyuma. Siku ile mawe yaliruka kutoka chini yakajibandika juu ya pango, na nguchiro akatoka kinyumenyume, akachukua kifuniko chake kwa ndege. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Jumamosi iliyofuata mkanda mwingine haukuja. Wala iliyofuata. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita hivi. Alianza kukataa chakula, akilala anauliza nguchiro anakula nini mle ndani. Siku ya tatu mama alikuwa amekata tamaa naye, na mimi nikasema mbele yao wote wawili: "Mbona alitoka? Tulimwona wote. Alitoka kinyumenyume." Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilishamuuliza mtu wa mashine, nilijua kwamba ni mkanda tu unarudishwa. Mdogo wangu alinitazama, akafikiri, akakubali, akala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bakuli zima. Mama alinishukuru kwa macho.

Tangu siku ile likawa neno la nyumbani kwetu. Kisu kikipotea, kitatoka kinyumenyume. Baba akichelewa, atatoka kinyumenyume. Hata baba alipofariki na kila mtu akawa na maisha yake, neno lilibaki. Na siku mdogo wangu anapanda lori la pamba kuelekea Geita, mama alimwambia mashimo yale yanameza watu, naye akacheka, akasema: "Mama, nikikwama nitatoka kinyumenyume. Wewe niwekee chakula tu."

Baada ya baba wadogo kuondoka nilimwambia mama ukweli. Nilimwambia nguchiro hakutoka, ni mashine iliyokuwa inarudisha mkanda, na mimi nilidanganya ili mtoto ale. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mtama kwenye ungo. Kisha akasema wakubwa wamenituma. Akasema niliapa zamani kwamba nilimwona akitoka, na mdogo wangu alimwona, na watoto wote walimwona, sasa leo kwa sababu watu wanataka kunywa pombe ya matanga nguchiro hakutoka.

Mtu wa mashine alikuwa amestaafu na kujenga mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga. Nilikwenda kwake Ijumaa. Nilimsalimu shikamoo, akaitika, akanitambua kwa mwanya wangu wa meno. "Binti wa mpishi," akasema, "umezeeka kabla yangu." Nilimweleza shida. Alisema klabu ilipoacha kutumia mashine ile walimwachia pamoja na mikanda michache iliyochakaa, na hakumbuki kama huo umo. Tulifungua makopo ya mikanda pamoja. Mengine yalinuka siki, mkanda umeshikana kama ngozi. Tuliupata katika kopo la tano.

Jumamosi nilimpeleka mama. Tulitembea polepole, tukipumzika mara nyingi. Alikuwa amebeba ile sahani iliyofunikwa, ameifunga kwenye kitambaa, maana tungekuwa njiani saa ya chakula cha mchana. Sikumkataza.

Mzee alikuwa ametundika mablanketi madirishani na shuka ukutani. Umeme ulikuwepo. Mama akakaa kwenye kigoda, sahani mapajani.

Rangi zilikuwa zimekufa, kila kitu kimekuwa chekundu kama udongo wa kichuguu. Mlima niliokuwa naukumbuka kuwa mkubwa ulikuwa kilima. Mnyama yule sasa niliona si nguchiro wala mbweha, sijui ni nini. Alitembea na birika lake likimgonga visigino, na hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa anacheka mpaka anajilaza sakafuni. Nilijikuta nasubiri kicheko chake. Nilisubiri kabisa.

Mama akasogea mbele. "Ndivyo alivyokuwa anatembea," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Mdogo wangu alikuwa anafunga sufuria mgongoni kwa kanga ya mama na kuzunguka ua kwa mwendo ule ule, magoti juu, kichwa upande mmoja. Mama alikuwa ameuona mwendo ule miaka mingi kabla ya kuona picha.

Nguchiro akaingia pangoni. Mawe yakaanguka. Ndege akabaki ameshika kifuniko, anatazama mawe, kisha anatutazama sisi. Yakatokea maandishi, na ukuta ukawa mweupe. Picha nzima haikufika muda wa kuchemsha chai.

"Endelea, baba," mama alimwambia mzee.

"Imeisha, mama."

"Na kutoka?"

Mzee akanitazama. Nikamwomba arudishe mkanda bila kuzima taa, kama zamani. Alisema mkanda umekauka, unaweza kukatika, lakini akaugeuza. Mawe yakaruka juu. Nguchiro akatoka kinyumenyume, birika lake likimgonga visigino, akachukua kifuniko.

Mama hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa amesimama kando ya mashine anatazama magurudumu mawili ya mkanda. Aliangalia lile lililokuwa tupu likijaa na lililokuwa limejaa likiisha. Akanyoosha kidole karibu na gurudumu bila kuligusa, akafuata mzunguko wake hewani, kinyume, mpaka likasimama.

Akamuuliza mzee kama mkanda uliofuata, ule wenye mwisho wenyewe, alipata kuuona mahali pengine. Mzee alisema hapana, haukuletwa, hata yeye hajui ilikuwaje. Nilitamani angedanganya, nikafurahi kwamba hakudanganya.

Kisha mama akanigeukia.

"Ulijua tangu utoto?"

"Nilijua."

"Na pale shimoni, siku zote zile, nikiwa naita?"

"Nilijua, mama."

Hakunipiga, hakunitukana. Alifungua kitambaa, akamwomba mzee maji ya kunawa, akakaa tena kwenye kigoda na kula ugali wa mwanawe wote, mpaka sahani ikawa nyeupe, huku machozi yakimwingia mdomoni na yeye hayafuti. Mimi nilisimama mlangoni. Hakunikaribisha. Njia nzima ya kurudi Ibadakuli alitembea mbele yangu.

Jumapili watu walikuja. Mama alikuwa ametoka nje kabla ya jua kupanda, amekaa kwenye mkeka, kichwa wazi. Kwetu mtoto wa kike ndiye anayemnyoa mama yake siku kama ile, na nilikuwa nimeshatoa wembe kwenye karatasi na kulowesha sabuni. Nilipiga magoti nyuma yake, nikaweka mkono juu ya nywele zake.

Akainua mkono wake akautoa wangu, bila nguvu, kama mtu anayetoa jani.

"Mpe mkwe wangu," akasema.

Nikampa wifi wembe. Nilishika beseni.