Mfumo Niliouchagua kwa Masikio Yangu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile kompyuta iliponinyamazia katikati ya mkutano. Umeniuliza, wewe usiyeona kama mimi, uchukue mfumo upi wa kompyuta, Windows au Linux, na jibu langu linaanzia hapo.

Mimi ni wa Makere, macho niliyapoteza kwa surua nikiwa mdogo. Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya ukatibu katika chama cha wakulima wa maharage pale Kasulu mjini, kwa majaribio ya miezi mitatu. Asiyeona hakuwahi kukalia kiti kile, na wapo wanachama waliosema waziwazi kwamba nitawachelewesha. Mwenyekiti akawaomba wanipe nafasi. Kompyuta ikanunuliwa, nikaambiwa niipeleke kwa fundi Shabani aniwekee mfumo nitakaouweza.

Shabani ni mtu mwema, na duka lake lipo hadi leo. Aliniuliza nautaka upi. Mle dukani mlikuwa na wateja, nami niliona haya kukaa mbele yao nikipapasa kibodi, nikisikiliza na kukosea. Nikamwambia aweke anaoona yeye unafaa. Akaweka Windows, na pamoja nayo programu ya kunisomea skrini kwa sauti ambayo ilikuwa ya kujaribia tu: inasema dakika arobaini, kisha inakata sauti mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Niligundua siku ileile. Unadhani nilirudi kwake? Sikurudi. Kila ilipokata nilizima na kuwasha, na aliyeniuliza nilimwambia ni mambo ya umeme.

Ukaja mkutano mkuu, wajumbe wametoka mpaka Buhigwe. Mwenyekiti aliongea sana siku hiyo, dakika zikapita, sauti ikakatika masikioni mwangu. Kunyoosha mkono niombe tusubiri nikaona aibu. Nikaendelea kuandika bila kusikia kitu. Sijui kidole kiligusa wapi, maneno ya mjumbe mmoja yakaingia ndani ya maneno ya mwingine. Mwenyekiti alipochukua karatasi niliyoichapisha awasomee watu muhtasari, alisoma mistari miwili, akaiweka mezani. Nyuma nikamsikia mtu akisema kwa Kiha, lugha ya kwetu, kwamba walishaonya mapema. Wengine walikaa kimya kwa kunihurumia, na kimya hicho kiliniuma kuliko kufokewa.

Jumamosi yake nilipanda gari kwenda Murungu, kule Kibondo, kwa Mwalimu Bukuru aliyenifundisha nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole. Naye haoni. Nilimpigia makofi ya salamu kama tunavyowasalimu wakubwa wetu, akaitikia, akanipatia ugali wa muhogo, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia aniambie pole.

"Umemwachia fundi akuchagulie kitu ambacho yeye hatakitumia hata siku moja," akasema. "Kosa si la Shabani. Wewe uliogopa watu wasije wakakuona unajifunza."

Nililia. Akaningoja nimalize, kisha akanikalisha mbele ya kompyuta mbili. Moja ilikuwa na Windows na programu ya bure ya kusoma skrini, isiyo na kikomo cha dakika. Nyingine ilikuwa na Linux. Alinikataza kumuuliza ipi ni bora. Akaniagiza niandike barua, niihifadhi, niitafute tena, kisha niikate sauti na kuirudisha mwenyewe. Nilijua yeye anatumia Linux na anaipenda mno, maana ilimsomea skrini tangu alipoanza kuisimika kwenye kompyuta, hakuazima macho ya jirani. Nami niliipenda kwa hilo. Lakini kazi yangu ilikuwa majedwali ya wanachama, na vidole vyangu vilikwenda upesi zaidi kwenye Windows. Tena ofisini wote walitumia hiyo. Nikikwama, wa kunisaidia yuko meza ya pili.

Jumapili nikamwambia nimechagua Windows. Niliogopa ataona nimemdharau. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa umechagua," akasema.

Nilirudi Kasulu nikamweleza mwenyekiti ukweli wote, pamoja na uongo wangu wa umeme. Alinikemea, akanipa nafasi nyingine. Kwa Shabani nikakaa mbele ya wateja wake nikasimika ile programu ya bure kwa mkono wangu, nikikosea na kurudia. Mkutano uliofuata nilisoma muhtasari wote mwenyewe, sikio moja kwenye kompyuta, kurasa nane. Yule aliyesema kwa Kiha kule nyuma ndiye aliyependekeza niajiriwe moja kwa moja. Kiti kile nakikalia hadi leo na mvi zangu, na wasioona niliowafundisha wanafanya kazi Kasulu, Kibondo, wengine mle kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Najivunia hilo, wala sioni haya kulisema.

Kwa hiyo, mwanangu, usichukue Windows kwa kuwa mimi naitumia, wala Linux kwa kuwa rafiki yako anaisifu. Kaa na kila mmoja siku kadhaa, uufanyishe kazi yako yenyewe. Angalia kama sauti ikikatika unaweza kuirudisha bila kumwita mtu, na kama yupo karibu wa kukusaidia ukishindwa. Kisichofaa kirudishe mapema, usikifiche. Na ukikosea mbele ya watu, kosea, halafu endelea.

Mungu ayatunze masikio yako na kuvipa wepesi vidole vyako. Akufikishe mahali ambapo watu watasubiri neno lako ndipo waamue, nawe uwe umejiandaa kulisema.