Visahani vya Neema

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya utafiti hapa Mwanza nilipewa koti jeupe lenye matundu matano na vifungo vinne. Nilihesabu mara mbili, nikarudi stoo. Mtunza stoo akanitazama. "Wewe wa sokoni, hapa hakuna kupatana." Kifungo nilikipata kabla ya chai.

Nilianzia hapo hapo stoo, nikahamishiwa chumba cha kukuzia seli, nikamalizia chumba cha hadubini, na huko ndiko nilikokutana na sensa zinazong'aa. Sensa ni protini ambayo seli huitengeneza yenyewe baada ya kupandikizwa vinasaba vyake. Ukiimulika kwa mwanga wa bluu, inang'aa kijani, na seli ikiwa na ATP nyingi, ile chembe inayobeba nishati, inang'aa zaidi. Zamani tuliziua seli kwanza ndipo tuzipime. Sasa unaitazama ikiwa hai: ukiinyima sukari, inafifia mbele ya macho yako.

Shida ilikuwa njiani. Inkubeta, kabati la kutunzia seli kwenye joto la mwili, lilikuwa chini. Hadubini ilikuwa ghorofani, kwenye kiyoyozi kikali ili kamera isipate moto. Mimi nilipandisha visahani vya seli ndani ya hotpoti, hii hii ya ugali, pembeni nimeweka chupa ya maji ya uvuguvugu. Mke wangu alinifungia chakula kwenye hotpoti, na saa saba kilikuwa bado moto. Sikuhitaji kitabu.

Basi wakaja wageni, wakaikuta juu ya meza ya hadubini, wakacheka. Walipoondoka, Mkuu wa Maabara akaniita.

"Masanja, hicho chombo kisionekane tena humu. Wote mtumie sinia la chuma."

"Mkuu, seli zitapoa."

"Wewe ni fundi. Mambo ya kupoa niachie mimi."

Aliyeumia ni Neema, binti wa Mkolani aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili. Watu wa Mkuu walipima kwanza, yeye mwisho, sinia lake likingoja chini ya kiyoyozi. Seli zake zikawa zinafifia wiki baada ya wiki. Mkuu akaandika kwamba binti hajui kutunza seli, mafunzo yake yakatishwe. Karatasi ilitaka sahihi ya fundi. Ilikuwa Ijumaa, koti nimeshavua. Nikasaini. Mimi, ninayehesabu hata karanga za kupimiwa.

Wiki iliyofuata nikapewa kazi yake niimalizie. Nikachukua visahani kumi na viwili kwa sinia, kumi na viwili kwa hotpoti, seli za chupa moja. Vya hotpoti viling'aa, vya sinia vikafifia. Kesho yake nikarudia, ikawa vilevile. Baridi ilizisumbua seli, na sensa yenyewe haisomi sawasawa ikipoa.

Mkuu aliyasoma matokeo, akafunga faili.

"Unataka niwaandikie wafadhili kwamba tumeokolewa na hotpoti?"

"Nataka umwandikie Neema."

"Neema ameshaondoka. Achana nayo."

Baadaye likaagizwa sanduku la kubebea visahani kutoka ng'ambo, lina waya na kitaa chekundu. Kazi yake ni ya hotpoti, ila hili huharibika. Ripoti ikasema tumeboresha utaratibu. Neema hakutajwa.

Nilimfuata Kisesa, alikopata kazi ya kufundisha baiolojia. Akaniamkia, akanipa kiti, akasoma matokeo niliyomletea, kisha nakala ya ile karatasi ya kumkatisha mafunzo.

"Mzee, ulijua zitapoa?"

"Nilijua."

"Na hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Akanirudishia karatasi. "Mimi mikono yangu naijua. Wapelekee walioandika."

Nimestaafu na hasira yangu, na nusu yake najielekezea mwenyewe. Fundi mzuri siyo anayejua tu kinachozima seli. Ni anayekisema kabla ya kushika kalamu, na mimi siku ile sikuwa fundi mzuri. Kwenye sherehe ya kuniaga kulikuwa na wali na soda, na Mkuu akanisifu kwa uaminifu. Nikaomba nafasi, nikasoma: naifuta sahihi yangu, seli za Neema zilipozwa na agizo la ofisi. Mkuu akashika simu yake. Nikasoma vipimo vya sinia na vipimo vya hotpoti, halafu nikavirudia, maana waliokaa nyuma walikuwa bado wanatafuna.