Gitaa Iliyoanzia Kwenye Penseli

Ukiwa na pampu ya maji iliyoungua, uwe umetoka Ngoliba ama Kalimoni, ukifika Thika uliza Ajwang. Lakini usisimame mlangoni ukiuliza fundi yuko wapi. Atakujibu bila kuinua kichwa, "Fundi ndiye unaongelesha," na hapo utakuwa umeanza vibaya. Ni mama wa makamo, mwenye mwili wake, ila vidole ni vyembamba. Kazi yake ni kusuka mota upya: anatoa waya zilizoungua, anazungusha mpya, anapaka vanishi, na mota iliyokuwa inanuka moshi inaamka. Mdomo wake, wacha tu. Lakini mota ikitoka kwake hairudi.

Huyo mama ndiye aliyejitengenezea gitaa ya stima. Hebu tulia, usicheke. Hata kupiga gitaa hakujua.

Mwenye gitaa alikuwa babake. Mzee Okello alitoka Siaya akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Thika mpaka akastaafu, na wikendi alikuwa akipiga benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, kwenye baa moja ya Ruiru. Gitaa yake ilikuwa ya boksi, ya zamani, na shingoni alikuwa ameifunga penseli kwa kipande cha tubu ya baiskeli. Penseli hiyo ilibana nyuzi zote ili sauti ipande juu, na vidole vyake vilicheza kutoka hapo kuelekea tumboni mwa gitaa. Ajwang alikua akiiona hivyo hivyo, na penseli yake. Kuigusa? Thubutu! Kakake Owino alifundishwa, akachoka, akaacha. Ajwang alipoomba, aliambiwa, "Nyara, hii si ya wasichana." Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo, na mzee alilitamka kwa upole, lakini jibu lilikuwa hapana.

Kisha kulikuwa na ile desturi ya kujisifu, ambayo Wajaluo wanaiita pakruok. Muziki unakolea, watu wanatoka jasho, mara mtu anausimamisha ghafla ajitaje: yeye ni nani, ametoka wapi, ni baba ya nani. Watu wanashangilia, muziki unaendelea. Katika kila sherehe nyumbani kwao, Okello alikuwa akizima nyuzi kwa kiganja na kupaza sauti, "An Okello! Wuon Owino!" Mimi Okello, baba yake Owino. Ajwang alilisikia hilo miaka yote akiwa amebeba sahani za wageni. Liliuma, na hakuwahi kumwambia mtu.

Halafu presha ikampiga mzee akiwa ameishika gitaa. Alianguka juu yake. Boksi likapondeka, shingo ikavunjika, na majirani waliokuja kusafisha nyumba wakafagia kila kitu. Ajwang aliokoa kipande kimoja cha shingo tu. Mzee alihamia nyumbani kwa Ajwang, mtaa wa Ngoingwa. Vidole vya kushoto vilirudi kidogo kidogo, lakini mkono wenyewe ulibaki umejikunja, haunyooki. Alikaa dirishani siku nzima. Ukimsemesha, ni ndiyo ama hapana.

Sasa, mzee alikuwa amemwahidi mjukuu wake Maxine, binti ya Ajwang, tangu akiwa mdogo: "Siku watu watakuja kukuposa, nitapiga mimi." Siku ikawadia. Kijana anaitwa Gachau, na watu wake wa Ruiru walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja. Maxine akaenda kwa babu yake akiwa na furaha ya kumwambia. Mzee akatazama nje.

"Iteni DJ," akasema.

Ajwang alikuwa jikoni, akasikia. Aliogopa kuliko siku ile ya kuanguka. Alijua kabisa kwamba siku ya Maxine ikipita mzee akiwa amekaa hapo dirishani, basi hatainuka tena kutoka kwenye kile kiti.

Akampigia simu Gerishon, anayepiga mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu, kwenye baa ileile ya Ruiru. "Mtu wa mkono mbaya anaweza kupiga gitaa gani?"

"Ya stima, Mama Maxine. Nyuzi zake ni laini. Unagusa tu."

Ya stima! Ajwang akacheka peke yake. Stima si ndiyo kazi yake?

Alianza na mbao. Mwili wa gitaa aliuchonga kwa ubao wa mukima alioupata kwa wauza mbao, na shingo akaitoa kwa mguu wa kitanda kikuukuu cha mvule. Akapima shingo kwa kile kipande alichookoa, akiviweka sambamba. Vile vyuma vyembamba vya shingoni, vya kukatia sauti, alivitengeneza kwa spoku za baiskeli, akizipiga msasa moja moja mpaka zisimkwaruze mzee. Gerishon akamwelekeza kwa simu: hesabu vyuma kumi na viwili kutoka mwanzo wa shingo, pima, halafu urefu huohuo uuongeze tena, hapo ndipo nyuzi zitafungwa. Sehemu ya kunasa sauti haikumsumbua. Sumaku alizitoa kwenye spika mbovu, akazizungushia waya wa shaba mwembamba kuliko nywele, na wateja wakangoja. Mkulima mmoja alipolalamika kuhusu pampu yake, aliambiwa anyweshe mboga kwa ndoo. Mwishoni akaipaka gitaa vanishi ya mota, ile ya rangi ya asali, akaianika juani, akaipiga msasa, akaipaka tena. Ilikuwa inang'aa, bana. Kila aliyepita karakana alitaka kuishika, na Ajwang alimpiga mkono.

Siku chache kabla ya wageni, Gerishon akaja Ngoingwa kuweka nyuzi. Alipomaliza kuzifunga akaigeuza gitaa, akapima shingo kwa macho, akaanza kucheka.

"Ngai! Mama Maxine, shingo yako umepima na nini?"

Ajwang akampa kile kipande. Gerishon akaonyesha alama za kuhesabia zilizokuwa ubavuni. "Hii ni nusu. Shingo ya gitaa ya mzee haikuvunjikia kichwani, ilivunjikia kwa penseli. Vyuma vya mwanzo vyote vilienda. Umetengeneza gitaa inaanzia katikati!"

Ajwang akakaa chini. Kumbe mwanzo aliokuwa akiuona tangu utotoni haukuwa mwanzo. Hakuwahi kuigusa ile gitaa, angejuaje kwamba nyuma ya penseli kuna vyuma vingine, si kichwa tu cha kufungia nyuzi? Shingo nyingine haingewahi, kuchonga na kupaka vanishi si kazi ya siku chache. Machozi yakamjia, na hasira pia.

"Leteni," sauti ikasema.

Walikuwa wamemsahau mzee. Ajwang akamwekea gitaa mapajani. Mkono wa kushoto, uliojikunja, haukuhitaji kunyooka. Shingo ilikuwa fupi, na vidole viliangukia pale pale pa kuanzia. Okello akabonyeza. Akagusa uzi kwa mkono wa kulia.

"Huko nyuma ya penseli," akasema polepole, "mimi sikuwa naenda."

Gerishon akaacha kucheka. Akaiunganisha gitaa kwa waya na redio, iwe spika yake, akazikaza nyuzi mpaka sauti ikapanda juu alikokupenda mzee, akaenda zake.

Siku ya wageni, ua ulijaa. Watu wa Ruiru walikaa upande mmoja, Wajaluo upande mwingine, mazungumzo yakaisha vizuri, chakula kikaanza kupita. Okello akaanza kupiga. Vidole viwili tu ndivyo vilivyomtii vizuri, na mahali pengine alikosea, lakini ilikuwa benga, na mama mzima wa upande wa Gachau alisimama akatikisa mabega. Maxine alikuwa akilia na kucheka.

Katikati ya wimbo, nyuzi zikanyamaza.

Ajwang alikuwa amebeba sahani. Mkono umekataa, alifikiri, mbele ya wakwe wote. Akageuka, akaona kiganja cha babake kimelala juu ya nyuzi, na kichwa kimeinuka.

"An Okello!" mzee akapaza sauti. Ilikuwa inakwaruza, lakini ilifika mpaka barabarani. "Wuon Ajwang!"

Wajaluo wakalipuka. Watu wa Ruiru wakaulizana amesema nini, na mzee akawaambia kwa Kiswahili, ili asibaki mtu ambaye hakuelewa. "Mimi ni baba yake Ajwang! Fundi wa mota! Hii gitaa haikutoka dukani, imetoka kwa mkono wa binti yangu!"

Yule mama anayewanyamazisha wakulima wa Ngoliba alisimama pale na sahani zake, akalia waziwazi mbele ya wakwe, mpaka Maxine akaja kumpokea sahani.

"Nyara," mzee akamwita. "Vuta kiti. Hapa ndipo kidole cha kwanza kinaanzia."