Kijani Chenye Wekundu

Rangi ya mafuta ikizimuliwa kwa petroli hutoa harufu kali inayopanda hadi kwenye paji la uso. Kule Igogo, mjini Mwanza, tulikokaa, harufu hiyo ilichanganyika na ya dagaa walioanikwa kando ya ziwa, zikawa kitu kimoja. Hata leo nikipita karibu na mafundi wanaopaka mitumbwi, mate hunijaa mdomoni kana kwamba nimeitwa kula. Hiyo ndiyo harufu ya likizo yangu ya Desemba nilipomaliza darasa la tano, likizo ambayo mimi na babu yangu mzaa baba tulitengeneza lori la jeshi lenye urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole.

Babu alikuwa Mhaya wa Kyaka, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache na suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kufagia uwanja. Wakati wa vita vya Kagera aliendesha lori la kubeba askari na magunia ya unga. Habari za vita zenyewe hazikuzungumzwa nyumbani kwetu. Alichotaka Babu ni kuliona tena lile lori. Daktari alikuwa amemwambia ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kila mwezi ukungu ulizidi. Akaniambia, tukiwa tumekaa barazani, "Nataka nilione, mama, kabla dirisha halijafungwa." Alikuwa akiniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nikamwahidi kwamba ataliona.

Vipimo havikututesa, kwa sababu Babu alikuwa na mbinu yake. Alisema askari mmoja awe na urefu wa kidole chake cha shahada, halafu kila kitu tukipime kwa askari huyo. Gurudumu lilimfika kifuani, basi likaishia kwenye pingili ya pili. Bodi tuliichonga kwa vipande vya mbao alivyotupa seremala, magurudumu tukayakata kwenye kandambili, na taa zikawa vizibo vya soda. Wiki moja ilitosha. Nilijiona fundi mkubwa, nikawa natembea mtaani nikiwa nimechomeka penseli sikioni kama seremala mwenyewe.

Rangi ndiyo iliyotutoa jasho. Fundi Masanja, Msukuma mmoja mcheshi aliyepaka mitumbwi pale mwaloni wavuvi wanakoshushia samaki, alitupa mabaki ya makopo yake: kijani, nyeusi, njano, na nyeupe iliyokwisha kufanya utando. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jabali kubwa, kama yalivyo nyuma ya nyumba nyingi za Mwanza, na juu yake ndipo tulipojaribia. Nilichanganya, nikapaka mstari mmoja juu ya jiwe, tukausubiri ukauke. Babu akausogelea hadi pua ikakaribia kugusa.

"Siyo hii."

Nikaongeza nyeusi. "Siyo." Nikaongeza njano. "Imekaribia, ila siyo. Ilikuwa na wekundu ndani yake."

Kijani chenye wekundu! Fundi Masanja alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee wangu, gari la jeshi ni kijani tu. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo." Baba naye alisema hivyohivyo, na majirani pia, na magari ya jeshi yaliyopita barabara ya Shinyanga yalisema hivyohivyo bila mdomo. Babu alijibu kwamba alikabidhiwa lori lile mkononi, akaliendesha na kulilalia, na rangi yake anaijua. Lakini nilianza kuona kwamba kila akijibu, sauti yake ilipungua kidogo.

Mstari wa kumi na moja ndio ulionishinda. Jua lilikuwa linachoma, vidole vyangu vilikuwa vinanata, na wenzangu walikuwa wanaogelea. Babu akainama, akakunja uso, akasema siyo. Nami, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikamwambia, "Babu, rangi haina kosa. Ni macho yako mabovu."

Hakunikaripia, na laiti angenikaripia. Alisimama akijishika kiuno, akalitazama jabali lote na mistari yake, kisha akanirudishia brashi. "Labda ni macho," akasema. "Labda na kichwa pia kimeanza kusahau. Paka unavyotaka, mama." Akaingia ndani.

Wanasema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu nilikuwa mimi, na majuto nilikuwa nayo tele. Nililipaka lori kijani safi, kijani cha wote, nikaliweka juu ya meza ya sebuleni. Babu alisema limependeza, kwa sauti ya kumsifia mgeni aliyeleta zawadi isiyohitajika. Tangu hapo, akiulizwa jambo lolote la zamani, hata jina la jirani wa Kyaka, alianza kwa kusema, "Sijui, labda nimesahau." Kidonda hicho nilikitia mimi, nikakosa dawa yake.

Bibi hakuwepo siku zote hizo. Alikuwa Misungwi akimuuguza shangazi aliyejifungua. Aliporudi nikampokea mzigo na shikamoo, akaitikia marahaba bado akilikodolea macho jabali.

"Nani kachafua jiwe langu la kuanikia?"

Nikamweleza kwamba tulikuwa tunatafuta rangi ya gari la vita la Babu. Bibi akaingia sebuleni, akalitazama lile lori la kijani, akaguna.

"Hili la wapi? Yale yaliyopita kwetu Kyaka hayakuwa hivi. Sisi wasichana tuliitwa, tukayakandika kwa mikono yetu kama tunavyokandika nyumba, kabla madereva hawajakabidhiwa. Udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe na oili chafu, ili yasing'ae ndege zikipita. Yakikauka ungeapa ni rangi ya kiwandani."

Babu alikuwa amesimama mlangoni. "Kile kijani kilionekana kwa chini?" akauliza polepole.

"Pale tulipokandika vibaya."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Umewahi kuniuliza? Vita vyenyewe humu ndani ni mwiko."

Wiki iliyofuata shemeji yake Bibi alikuja kwa meli kutoka Bukoba, akiwa na ndizi, senene, na mfuko wa rambo uliojaa udongo wa Kyaka alioagizwa na Bibi. Wabeba mizigo bandarini walikuwa wamemcheka, wakimuuliza kama Mwanza ardhi imekwisha. Bibi akakunja mikono ya blauzi, akauchanganya na mavi ya ng'ombe na oili chafu kwenye kopo, akanifundisha kukandika kwa kidole gumba, nikiacha kijani kichungulie kwenye pembe. Likakaushwa juu ya jabali. Babu akaletewa.

Alilishika, akaligeuza kwenye mwanga, karibu, mbali, karibu tena. Kisha akakaa chini palepale kwenye jiwe, yeye na suruali yake ya pasi, machozi yakamtoka.

"Kumbe sikusahau," akasema.

Mwaka uliofuata dirisha lilifungwa kabisa. Sasa Babu ametutoka, jabali lilipasuliwa kokoto ili kupisha nyumba, nami nakaa Buhongwa na nina kabati zima la magari madogo ya jeshi. Siku hizi yanakuja ndani ya boksi, na rangi zake zimo kwenye vichupa vyenye namba. Ukitaka kijani cha jeshi fulani, unasoma namba, unapaka, hubishani na mtu. Wapenzi wenzangu wa magari hayo huko mtandaoni hupima rangi hadi utachoka nao, na siku nilipoonyesha picha ya lori letu la mbao, mmoja alinijibu kwa upole kwamba rangi yake si sahihi. Lori lenyewe liko rafu ya juu, linapukutisha vumbi jekundu kidogokidogo, na kila mvua za vuli zikianza huwa nalikandika upya pale lilipobanduka.

Msamaha sikumwomba Babu, hata siku ile kwenye jiwe. Nilitafuta maneno, nikaishia kuosha brashi. Kwa hiyo huwa naomba hivi: kabla sijafungua kichupa chochote, natafuta kwanza mtu aliyeliona gari lenyewe, namkalisha, namwuliza, na akisema siyo, nachanganya tena. Tangu siku ile sijapaka tena ninavyotaka.