Bastola ya Kaburu Mzee

Krismasi iliyopita nilikuwa kwa binti yangu huko Yamumbi. Mchana watoto wa jirani wakalipua fataki, moshi ukaingia kwa dirisha ukinuka kama yai viza. Wenzangu walifunga pua. Mimi nilitoka nje nikasimama katikati ya moshi ule, maana sikuwa nimeunusa tangu nikiwa msichana wa miaka tisa.

Wakati huo niliishi na nyanya yangu, kogo kama tunavyosema kwetu, katika shamba la kaburu mmoja upande wa Turbo. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba. Familia za wafanyakazi zilihamia ardhi waliyonunua kwa kuchanga, na wenzangu wa kucheza wakaisha mmoja mmoja. Tukabaki watatu tu: kogo, aliyepika kwa nyumba kubwa, mimi, na kaburu mzee. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wake wameenda kusini. Jioni ungesikia mlango mmoja tu ukifungwa.

Siku moja akaletewa kifurushi kutoka posta. Ndani kulikuwa na bastola, mpya kabisa, lakini imeundwa Italia kwa mfano wa zile za kale zinazojazwa baruti kwa mkono. Alituambia babu yake alifika nyanda hizi kwa gari la ng'ombe na moja kama hiyo kiunoni, ikapotea. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiitaliano. Aliigeuzageuza, akaikunja, akaanza kujifundisha mwenyewe.

Nilimtazama kutoka kwa ngazi za jikoni. Alimimina baruti katika kila tundu la silinda, matundu sita, akakandamiza goroli la risasi juu yake, halafu akavisha kwa nyuma vikofia vidogo vya shaba vya kuwashia baruti. Mikebe ya maziwa ilipangwa juu ya nguzo za ua. Alipofyatua, matundu matatu yalilipuka kwa pamoja. Moshi mweupe ukamfunika mwili mzima. Nikadhani amekufa.

Kogo alikimbia akiwa na mwiko mkononi. Alimkuta ameketi kwenye nyasi, mkono umeungua, machozi yanamtoka. Akampaka asali, akamfunga kitambaa, akimgombeza kana kwamba ni mtoto wake.

"Moto umeruka kutoka shimo moja kwenda lingine," kogo akasema akiikagua silinda. "Kwani hukuziba?"

"Kuziba na nini?"

"Na mafuta, mzee! Hata chungu cha maziwa hatukiachi wazi."

Hakuwa amewahi kumwita mzee. Siku zote ilikuwa bwana. Kaburu akacheka.

Tangu hapo kila Jumamosi kogo aliyeyusha mafuta ya kondoo na nta, nami nikayapaka juu ya kila goroli kwa kidole. Baada ya kufyatua, kazi yangu ilikuwa kuiosha bastola kwa maji moto na sabuni, kwenye karai la kuoshea sufuria, kwa sababu masizi ya baruti hula chuma haraka. Maji yaligeuka meusi kama wino. Kogo alipenda kusema, "Kitu usichokiosha leo, kesho si chako." Sijawahi kuwa na marafiki wengine kama wale wazee wawili.

Halafu wanunuzi wakaja, watu wetu, wakapima shamba kwa kamba. Kaburu mzee akaisalimisha bastola kwa polisi, akarudi akapakia masanduku kwenye lori.

"Wewe utaenda wapi?" akamwuliza kogo.

"Sitaenda. Mimi ni wa hapa."

Kaburu akafuta miwani yake polepole. "Mimi pia nilizaliwa hapa, mama."

Kogo alimshika mkono ule wenye kovu, akaushikilia, mpaka dereva akapiga honi. Halafu akarudi jikoni akapika ugali wa watu watatu, nasi hatukuweza kuumaliza.

Nyumba kubwa ilibomolewa, mabati na matofali yakagawanywa. Leo pale ni ploti za kupangisha. Kogo alizikwa zamani. Kaburu mzee hakuandika barua, au aliandika na haikufika. Nikisimulia haya, wanangu husema pengine niliota. Sina wa kumwuliza. Tulioisikia milio ile tulikuwa watatu tu, na nimebaki mimi.