Vikombe Viwili vya Ibu Wati

Enzi zetu pale La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, Jumamosi tuliijua kwa pua kabla hatujafumbua macho. Cheka tu, sema msichana wa miaka kumi na saba ana enzi gani za kusimulia. Lakini sisi tuliolelewa kwenye ile yadi ya vyumba sita na bomba moja tumeshazeeka, hata kama vitambulisho havijui. Harufu ilikuwa ya tangawizi iliyobabuliwa kwenye mkaa, ya mchaichai, na ya ukwaju unaochemka mpaka ukuta unatoa jasho. Ilitoka chumba cha mwisho, karibu na kamba za nguo, kwa Ibu Wati.

Ibu Wati alikuwa mjane wa kutoka Java, huko Indonesia. Ibu kwao ni mama, kwa hiyo hatukuona ugeni. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyemleta Johannesburg, kisha akafa akamwacha na kinu cha jiwe na chupa nyingi. Alitwanga mizizi na kutengeneza vinywaji vya kwao vinavyoitwa jamu. Mara ya kwanza, mtoto mmoja wa Kitanzania aliposikia kuna jamu alikuja mbio na vipande vinne vya mkate. Tulimcheka mpaka Pasaka.

Ibu Wati alipanga chupa kwenye kikapu, akakifunga mgongoni kwa kitambaa kirefu kama mama zetu wanavyobeba watoto, akatembea mpaka robot ya chini, ndizo taa za barabarani huku kwetu, akavuka kwenda Turffontein. Wateja wake walikuwa mama zetu wa saluni, watu wa kusimama kutwa nzima. Hakumuuliza mtu anataka nini. Alimtazama kwanza macho, midomo, miguu, ndipo akachagua chupa. Manjano na ukwaju kwa dada mwenye maumivu ya mwezi. Tangawizi kwa mwenye baridi kifuani. Kwa mwenye miguu mizito, mchele uliolowekwa ukasagwa na mzizi mmoja mdogo unaonukia kama kafuri, aliotumiwa kutoka kwao. Mama alikuwa anasema mgongo wake ulikuwa haujui kusuka rasta za vichwa viwili kwa siku mpaka alipokunywa ile ya mchele. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba alirudi nyumbani anaimba.

Sisi watoto tulikuwa na vikombe viwili. Kwanza kichungu, kikombe kidogo cha bati, maji ya kahawia ya kufungua tumbo ili mtoto ale. Uchungu wake, wewe! Mama alionja akasema ni ndugu ya mubirizi, lile jani la kwetu Bukavu. Ukishameza mpaka tone la mwisho, ndipo unapata cha pili, kitamu, cha ukwaju na sukari guru. Ibu Wati alikuwa na Kiswahili chake cha kuokoteza uani: "Chungu kwanza. Tamu anajua kungoja." Anayelia, analia. Anayekimbia, anarudi, maana kitamu kiko mkononi mwa Ibu Wati. Watoto wa siku hizi, akina Elia mdogo wangu, wanafungua kopo la kinywaji cha spaza, kile kiduka cha mtaani, tamu kuanzia juu mpaka chini, halafu wanalala na viatu.

Basi, ule mwaka wa 2015 Papa, baba yetu, alikwenda kazini Marshalltown, alikokuwa analinda ofisi, na moyo ukasimama akiwa kazini. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, Elia miwili. Mama aliendelea kusonga bugali wa watu wanne. Hakujua kupunguza. Ule mkate wa bugali uliobaki katikati ya meza ndio ulionishinda. Nikaacha kula. Nikakonda mpaka sketi ya shule nikaifunga kwa pini, na shuleni nikaacha hata kuitikia jina, nainua mkono tu.

Mama akanipeleka chumba cha mwisho. "Mama Wati, huyu mutoto hakule. Nisaidie." Ibu Wati akanitazama muda mrefu kuliko alivyotazama mtu yeyote. Akaniandalia kichungu changu peke yangu, cha kila Jumamosi.

Sasa niandike ukweli, ndiyo maana nimefungua daftari. Sikukimeza hata mara moja. Nilikibana kwenye mashavu. Ibu Wati alinishika shavu kwa kidole, taratibu, akasema, "Wewe, nenda bomba. Osha kikombe." Mimi peke yangu ndiye niliyetumwa kusuuza kikombe. Wengine aliwaoshea mwenyewe. Nikaona ni heshima, labda kwa sababu nilikuwa mpole. Nikifika bombani natema nyuma ya pipa, nafungua maji, narudi nikiwa na uso wa mtu aliyemeza. Ananipa kitamu. Hicho nilikunywa chote. Siku nyingine ndicho kilichokuwa chakula changu mpaka jioni.

Miezi ikapita, sinenepi. Jumamosi moja nilikuwa saluni, nimekaa kwenye kigoda natenganisha nywele za rasta. Ibu Wati aliingia na kikapu chake. Mama alikuwa amechoka, na macho yake, tangu msiba, yalikuwa yanatafuta mtu wa kumlaumu. Akanivuta mkono, akauinua mbele ya wote kama kuku wa sokoni.

"Angalieni! Miezi mine anakunywa dawa ya huyu mama. Iko wapi nyama? Anatuuzishaka mayi ya rangi!"

Mmoja akacheka chini ya kikaushio. Mwingine akasema, "Eish, na mimi nilijua, miguu yangu bado inauma."

Ibu Wati akanitazama. Mimi nikatazama rasta. Ilikuwa sentensi moja tu: Mama, natema. Maneno matatu hayafiki, lakini sikuyatoa. Aliinamisha kichwa, akasema, "Pole, mama. Mtoto ana huzuni kubwa, kikombe changu kidogo," akabeba kikapu akatoka.

Tangu siku hiyo chupa zilirudi zimejaa kama zilivyokwenda. Mama za saluni walipomwona wanageukia kioo. Harufu ya Jumamosi ikapungua, ikawa chungu kimoja, ikawa hakuna. Mwanzoni mwa 2016 alishindwa kulipia chumba, akahamia Durban kwa mtu wa kwao. Asubuhi aliyoondoka tulikuta chupa mlangoni kwetu. Ilikuwa ya ukwaju, kile kitamu. Niliinywa peke yangu, na wiki ile nikaanza kula, kidogo kidogo. Mama akasema ni maombi.

Mwezi uliopita, mwaka huu wa 2019, Elia alipona mafua akawa hataki chakula. Mama akachemsha mubirizi, akaniachia nimnyweshe. Nikampa kikombe. Akapiga funda, akanitazama kwa macho ya malaika. Mashavu yametuna kama amebana mipira miwili ya soka. Hata kipofu angeona.

Nikakaa chini palepale. Kidole kwenye shavu langu. Wewe, nenda bomba.

Alijua. Alijua tangu Jumamosi ya kwanza, na siku ile saluni alijua pia. Angeweza kusema: mtoto wako anatema, nimemwona kila wiki. Chupa zake zingeuzika. Alipoteza kazi yake ili mimi nisiaibishwe mbele ya watu, mimi niliyekuwa nimeshapoteza baba.

Jioni nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Aliacha.

"Na mimi nilisema mbele ya bantu bote," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Bote, Neema." Kisha akarudi kwenye mchele, akaendelea kuchambua hata ulipokuwa hauna jiwe tena.

Hatuna namba yake. Ile saluni sasa ni duka la simu, na wale mama wametawanyika, hakuna tena ambao tungemsafishia jina mbele yao. Juzi kwenye mgahawa mmoja mjini nimeona vijana wa rika langu wanapiga picha maziwa ya manjano yenye povu juu, wanasema ni kitu kipya, kinasaidia mwili. Nikatamani kuwaambia kwamba manjano hayo Ibu Wati aliyabeba mgongoni zamani. Sikusema, kama kawaida yangu.

Enzi zile tulifundishwa kuanza na kichungu ili kitamu kije. Mimi nilianza na kitamu, nikakimaliza chote. Sasa kimebaki kile kingine, kimejaa mdomoni, na hakuna tena wa kunishika shavu anitume bombani.